Vidole vinauma, mkono unakufa ganzi, kodi (chords) hazibadiliki: matatizo ya wanaoanza gitaa na jinsi ya kuyatatua

Wakuu habari za saizi. Maswali ya vijana wanaoanza gitaa huku kwetu Mbeya, na wale wa Njombe, Mafinga, Iringa mjini, yanajirudia yale yale kila mwezi, na ukimhoji mtu vizuri unakuta mara nyingi tatizo sio kipaji wala sio gitaa, tatizo ni dozi. Mtu hagusi gitaa Jumatatu mpaka Ijumaa, afu Jumamosi analikalia masaa matatu mfululizo kwa sababu kesho kwaya inaimba, Jumapili jioni vidole vimevimba, Jumatatu anaandika "mwalimu shikamoo, nadhani gitaa sio fungu langu". Fungu lako lipo mdogo wangu, ila umemeza vidonge vya wiki nzima kwa siku moja.

Kwa hiyo tafuta dalili yako hapa chini. Anza na vile vya kucheki vyepesi kabla hujakimbilia vikubwa, na nilipoandika ACHA namaanisha acha kweli, sio acha kidogo.

Ncha za vidole zinawaka moto

Hii ndo namba moja kwa mbali. Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba ngozi yako bado laini na nyuzi ni chuma, hamna uchawi hapo. Kwa wengi sugu zinaanza kujengeka ndani ya wiki mbili mpaka nne, kwa sharti kwamba unagusa gitaa karibu kila siku, na ukikaa muda mrefu bila kugusa zinalainika unaanza upya. Ndo maana nasema wiki mbili za mwanzo piga dakika 10 asubuhi kabla ya kutoka na dakika 10 jioni, basi, hata kama una hamu. Dakika 20 za kila siku zinakupa sugu, masaa matatu ya Jumamosi yanakupa malengelenge.

Cheki hili kwanza: maumivu yanaisha baada ya saa moja au mawili? Ngozi haijachanika? Basi uko sawa, endelea na dozi ndogo. Kama mpaka kesho yake ukigusa kikombe unaruka, pumzika siku moja na ukirudi punguza dakika.

Sababu ya pili ni kukandamiza kupita kiasi, na hii watu hawaijui kabisa. Fanya hivi, weka kidole juu ya uzi bila kukandamiza, uwe unagonga uzi kwa mkono wa kulia huku unaongeza nguvu taratibu taratibu, sauti itatoka imekufa, afu itakoroma, afu ghafla itakuwa safi. Pale ilipokuwa safi ndo nguvu inayohitajika, yote unayoongeza baada ya hapo unajiumiza bure. Wengi wanakandamiza mara mbili ya hiyo.

Ya tatu, kidole kiko mbali na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Kisogeze kikae karibu kabisa na kile chuma cha freti, kwa nyuma yake, sio juu yake wala sio katikati ya uwazi, utaona nguvu inayohitajika inapungua palepale. Ya nne, vidole vimelowa. Kama umetoka kufua au kuosha vyombo ngozi imelainika na uzi unaikata kirahisi, kausha, subiri nusu saa hivi. Ya tano ni gitaa lenyewe kuwa na nyuzi zilizoinuka sana kutoka kwenye shingo, hiyo nimeiweka chini huko kwa sababu inahitaji maelezo.

Kuna mambo ya kijiweni naomba tuyaache, sijui paka supa gluu kwenye ncha, sijui kwangua sugu kwa wembe ziote ngumu. Hapana. Sugu usizibandue wala usizikwangue. Na kama kidole kimepasuka, kimevimba, kina joto na kinatoa usaha, ACHA, nenda zahanati, chuma chenye kutu na kidonda havikai pamoja.

Kiwiko, kifundo cha mkono au kiganja kinauma, au vidole vinakufa ganzi

Hapa tupunguze utani. Maumivu ya ncha za vidole ni ya ngozi na yanapita. Maumivu ya kifundo, ya kiganja kwa ndani, ya mkono mpaka kwenye kiwiko, hayo ni ya misuli, kano na neva, na hayo hayajengi sugu yoyote, ukiyalazimisha yanazidi.

Sababu ya kwanza ni ile ile, kukaa muda mrefu bila kupumzika. Mwanzoni usizidishe dakika 10 mpaka 15 bila kuachia mkono, shusha mkono, utikise, fungua na funga ngumi mara kadhaa, tembea uwani urudi. Ukitaka kuongeza muda ongeza kama dakika tano tu kwa wiki, usiruke kutoka nusu saa kwenda masaa mawili eti kwa sababu umefunga chuo.

Ya pili ni mkao. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono (stuli ya jikoni inafaa kuliko sofa, sofa linakukunja mgongo), gitaa liegemee mwilini sio lishikiliwe na mkono wa kushoto. Jaribu hili, ukiwa umekaa na gitaa, ondoa mkono wa kushoto kabisa. Gitaa limeanguka upande wa kichwa? Basi mkono wako umekuwa unafanya kazi mbili, kubeba na kupiga, na lazima uchoke. Halafu angalia kifundo, kama kimekunjwa sana kama unabeba trei la chai, kinyooshe, inua shingo ya gitaa kidogo juu na sogeza kiwiko. Dole gumba likae nyuma ya shingo limelegea, lisikabe. Mabega yashushe, mtu akiwa na kodi ngumu (kodi ni nyuzi kadhaa zinazokandamizwa na kupigwa pamoja, zina majina kama C, G, Em) anapandisha bega mpaka sikioni bila kujua.

Ya tatu ni kazi unayofanya mchana, na huku kwetu hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kijana ameamka alfajiri kulima viazi, au kachuma chai huko Tukuyu siku nzima, au yuko kwenye bodaboda anashika usukani unaotetemeka toka asubuhi, jioni anashika gitaa afu vidole vinakufa ganzi anasema gitaa limemdhuru. Mkono ulishachoka kabla gitaa halijafunguliwa. Wewe dozi yako ni ya asubuhi kabla ya kazi, na jioni fanya vitu visivyohitaji kukandamiza: sikiliza wimbo ukihesabu mapigo, piga mkono wa kulia peke yake huku nyuzi umezizima kwa kiganja cha kushoto, jifunze majina ya nyuzi. Hayo nayo ni mazoezi, asikudanganye mtu.

ACHA na uende kumwona daktari kama: ganzi au kuchomachoma kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati kunakuamsha usiku; ganzi ya kidole kidogo na jirani yake haiishi; unaangusha vitu mkononi; kifundo kimevimba; au maumivu yameendelea zaidi ya wiki moja hata baada ya kupumzika. Mama wajawazito na watu wenye kisukari wanapata ganzi ya mkono kirahisi zaidi hata bila gitaa, kwa hiyo msisubiri, na mkifika hospitali semeni kabisa kwamba mnapiga gitaa na kwa muda gani kwa siku, hiyo inamsaidia daktari au mtu wa fiziotherapia. Kumeza dawa ya maumivu ili uendelee na mazoezi ni kujidanganya, maumivu ndo yanakuambia dozi imezidi afu wewe unayazima.

Vidole havisikii, vimekuwa vizito kama sio vyako (hasa mwezi wa sita na wa saba)

Hii mtu wa Dar hawezi kukuuliza. Juni na Julai, Mbeya, Makete, Njombe, asubuhi kunauma, na kidole cha baridi hakisogei haraka, misuli imekaza, ukilazimisha kodi ngumu ndo unajivuta kano. Sio kwamba umerudi nyuma, ni baridi tu.

Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, kausha kabisa, vaa sweta mikono mpaka kwenye kifundo, afu dakika tano za kwanza piga kitu chepesi ambacho unakijua tayari, uzi mmoja mmoja, polepole. Kama chumba kina baridi kali hamishia mazoezi saa saba mchana jua likiwa limetoka, kaa barazani.

Sasa onyo, na hili ni la uhai kuliko gitaa. Usijifungie chumbani na jiko la mkaa ili vidole vipate joto. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haionekani, na kila msimu wa baridi inaua watu waliolala nayo. Ukiwa unapiga gitaa ukasikia kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa ajabu, na jiko liko ndani, usianze kutyuni (kurekebisha sauti za nyuzi) upya, TOKA nje saa hiyo hiyo na uwatoe waliomo, nendeni hospitali. Na kwa kuongezea tu, joto la karibu linakausha mbao za gitaa mpaka zinapasuka, kwa hiyo jiko na gitaa visikae chumba kimoja hata ukiwa umefungua dirisha.

Kodi hazibadiliki, nikifika kwenye C wimbo umeshapita

Sababu namba moja: unapiga wimbo mzima badala ya kupiga sehemu inayokushinda. Mtu anapiga G sawa, anapiga Em sawa, anafika C anagota, anarudi mwanzo wa wimbo. Anachofanya ni kufanya mazoezi ya G na Em, C inapata sekunde mbili katika kila dakika. Chukua kodi mbili tu, hizo zinazogombana, weka taima ya simu dakika moja, hesabu umebadilisha mara ngapi zikatoka safi. Andika namba kwenye daftari. Kesho tena. Ukifika kama 30 kwa dakika wimbo wa taratibu utakubeba, ukikaribia 60 huna tena tatizo na hizo mbili, chukua jozi nyingine. Dakika moja kwa kila jozi, jozi tatu, hiyo ni dakika tatu za siku yako na zinafanya kazi kuliko nusu saa ya kuzunguka.

Ya pili, spidi. Weka metronomu ya kwenye simu (programu inayogonga mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, mpe kila kodi mapigo manne, na ukikosea mara mbili mfululizo shusha mpaka 50, hakuna anayekuona. Ukipiga haraka na makosa unachokifundisha kidole ni makosa, na kidole kinafundishika vizuri sana.

Ya tatu, unainua vidole vyote hewani kila unapobadilisha. Angalia kwanza kidole gani kinabaki. Kutoka Am kwenda C kidole cha kwanza (cha shahada) na cha pili (cha kati) havisogei kabisa, kinachohama ni cha tatu peke yake. Watu wamepiga miezi hawajagundua.

Na ya mwisho, ya nadra, ni kwamba umebeba kodi nyingi mno kwa wakati mmoja. Mwezi wa kwanza Em, G, C, D, Am zinatosha kabisa, nyimbo kibao za kwaya na za kawaida zinaingia humo. Wewe umeshadaunilodi chati yenye kodi mia, na bado unataka solo ya sebene. Subiri.

F imenigomea

F inagomea kila mtu, maana kidole cha kwanza kinalazwa juu ya nyuzi zote sita. Kama hujamaliza miezi miwili ya kupiga kila siku mi nakushauri iache tu, piga F fupi ya nyuzi nne nyembamba tu, au Fmaj7 ambayo uzi mwembamba kabisa unaachwa wazi, hakuna atakayekusimamisha kanisani.

Ukiwa tayari, dozi ya F ni dakika mbili, tatu ukizidisha. Usiifanyie mazoezi nusu saa, hiyo ndo inaongoza kuleta watu na vifundo vilivyovimba. Anza kuilaza kwenye freti ya tano ambako nyuzi zinalalika kirahisi kuliko kule mwanzoni karibu na nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale kwenye kichwa cha gitaa), afu shuka freti moja moja siku zinavyoenda. Kidole cha kwanza kilaze kwa ubavu wake kidogo, ule upande mgumu wa kuelekea dole gumba, na uzito wa mkono ukivuta nyuma ndo ukandamize, sio dole gumba kukaba kama koleo. Kodi ya F inayokataa kabisa kwa mtu ambaye kodi nyingine zote ziko safi, hapo sasa shuku gitaa, soma chini.

Gitaa lenyewe: nyuzi ziko juu, linakoroma, halikai kwenye tyuni

Hapa kuna watu wanateseka wiki kumi kumbe kosa sio lao.

Cheki la kwanza kabisa, limetyuniwa? Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E A D G B E, tumia programu ya bure ya simu, na uwe unazungusha taratibu, ukiona uzi umekaza kupita kawaida na programu bado inasema panda, umeruka oktava (unaelekea sauti ya juu zaidi yenye jina lile lile), shusha kabla haujakatika ukakupiga usoni. Nyuzi mpya zinalegea siku za mwanzo, hiyo kawaida, tyuni kila unapoanza.

La pili, nyuzi zina kutu? Pitisha kidole, kama unakwaruza na kinatoka cheusi, nunua seti nyingine, na chagua nyepesi, ile ambayo namba ya kwenye pakiti inaanzia 10, kwa gitaa la nyuzi za chuma, vidole vitakushukuru. Ila sikiliza: kama gitaa lako ni lile la klasiko la nyuzi za nailoni, USIFUNGE nyuzi za chuma. Nimeona hii mpaka nimechoka. Nyuzi za nailoni zote sita zinavuta jumla kama kilo 40, za chuma zinafika 70 hivi, briji (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa) inang'oka au shingo inapinda, na pesa ya gitaa imeenda.

La tatu, urefu wa nyuzi. Chukua rula ya shule, nenda freti ya 12, pima uwazi kati ya juu ya freti na chini ya uzi mnene. Gitaa la chuma likiwa milimita 2 na nusu hivi uko vizuri. Likiwa 4, wewe unafanya mazoezi ya jimu sio gitaa. Dawa ya haraka isiyo na gharama: tyuni nyuzi zote chini nusu sauti au sauti nzima, na kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye shingo) ikiwepo ifunge freti ya kwanza au ya pili, mara moja linakuwa laini. Piga hivyo miezi ya mwanzo bila aibu.

Kukoroma kwa uzi, mara nyingi ni kidole kiko mbali na freti au hakijakandamiza vizuri, rudi juu kule. Ukikoroma ukiwa wazi bila kidole, au sehemu moja tu ya shingo, huenda shingo imecheza. Kiangazi chetu ni kikavu na mbao zinasinyaa, masika zinavuta unyevu zinavimba, kwa hiyo gitaa lililokuwa safi mwezi wa tatu linaweza kukoroma mwezi wa tisa. Liweke mbali na ukuta wenye unyevu, na usiliache kwenye gari juani.

ACHA na utafute fundi kama briji imeanza kunyanyuka nyuma (karatasi inapenya chini yake), kuna ufa kwenye shingo, au urefu unabaki milimita 4. Kile chuma cha ndani ya shingo kinachokazwa kwa spana usikiguse kama hujawahi kuonyeshwa, kikikatika shingo imekufa. Fundi wa samani sio fundi wa gitaa, atalipiga misumari. Waulize wapigaji wa bendi au wa makanisa makubwa hapo mjini kwenu, wao wanajua nani anaaminika, na usimwachie kabla hamjaelewana bei.

Nimegota, sisongi mbele, nimeanza kulikimbia

Kama vidole viko salama na gitaa liko sawa, iliyobaki ni ratiba. Sababu ya kwanza, gitaa liko juu ya kabati ndani ya begi. Mtu aliyechoka hapandi stuli kushusha begi, litundike kwenye ukuta mkavu wa ndani au liegemeze pembeni mwa kitanda, utashangaa unavyolishika wakati maji ya ugali yanachemka.

Ya pili, hujui leo unafanya nini. Gawa dakika 20 hivi: tano za kupasha na kutyuni, tano za jozi za kodi kwa taima, saba za kipande kimoja cha wimbo kinachokushinda, tatu za mwisho piga unachokipenda ukiimba kwa sauti. Umeme ukikatika gitaa kavu halijali, hiyo sio sababu.

Ya tatu, msimu. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili watu wako shamba, wanafunzi wana mitihani, huwezi kutoa dakika 20. Shuka mpaka tano, ila usishuke mpaka sifuri, maana sugu zinaondoka na kurudi kwake ndo kunawashinda wengi. Na ukiwa umekaa zaidi ya wiki mbili bila kugusa, usirudi pale ulipoachia, anza na nusu ya dakika ulizokuwa unapiga.

Ukishafanya yote haya mwezi mzima na namba kwenye daftari haijasogea hata kidogo, tafuta mtu akuangalie mikono, nusu saa tu, hata mpiga rizimu wa kwaya yako. Nenda na daftari, mpigie hizo jozi zinazokushinda, na mwambie asikufundishe wimbo mpya siku hiyo, aangalie vidole tu.